Malaika na Maombi Yanayojibiwa: Tunachokijua na Tunachokiwazia

Mkristo anayesikiliza redio za dini kutwa nzima, awe Mwanza, Nairobi au Bujumbura, anaweza kupewa majibu matatu yanayogombana kwa swali moja. Mhubiri wa kwanza atamwambia kuwa ombi lake limeshajibiwa ila jibu limezuiliwa angani, kwa hiyo afunge na akeshe mpaka malaika apenye. Wa pili atamfundisha kuwa malaika wako chini ya kauli yake: awatume, wakamletee kazi, mchumba au kiwanja. Wa tatu atamkataza hata kuwataja malaika anapoomba, kwa kuwa kufanya hivyo ni kumnyang'anya Kristo nafasi yake. Hapo hapo yuko Mkatoliki aliyezoea tangu mafundisho ya komunyo ya kwanza kumwomba malaika wake mlinzi, na sasa jirani yake mlokole anamwambia kuwa sala ile ni bure.

Swali lenyewe ni hili: Mungu anapojibu maombi, malaika wana kazi gani? Wakristo wameliuliza kwa karne nyingi, na kila jibu lina matokeo yanayoonekana kwa macho. Linagusa jinsi watu wanavyolala usiku, wanavyomfikiria mgonjwa ambaye hakupona licha ya kuombewa, na mahali wanapopeleka fedha zao. Kwa hiyo linastahili kuchambuliwa kwa utulivu, msimamo mmoja baada ya mwingine.

Maandiko yanaposema na yanaponyamaza

Biblia ina visa vya kutosha ambamo maombi na malaika vimekaa pamoja. Hezekia, mfalme wa Yuda, aliutandaza mbele za Bwana waraka wa vitisho kutoka kwa Senakeribu wa Ashuru, akaomba; usiku ule ule malaika akaliangamiza jeshi la Waashuru, watu 185,000. Zakaria alikuwa akifukiza uvumba hekaluni, watu wakiomba nje, Gabrieli alipomtokea na kumpa habari kuwa dua yake imesikiwa. Kornelio, akida wa Kirumi pale Kaisaria, alikuwa katika sala ya saa tisa alipoambiwa na malaika kuwa maombi na sadaka zake vimefika juu. Paulo, ndani ya merikebu iliyokuwa ikitupwatupwa na tufani, alipata ujumbe wa malaika kuwa wote waliokuwa safarini pamoja naye wangeokoka, nao walikuwa watu 276.

Visa hivi vinafanana katika jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka. Hezekia hakuomba aletewe malaika. Zakaria alimwona Gabrieli akaingiwa na hofu. Kornelio alishtuka, akauliza kuna nini. Katika kila kisa mwombaji anazungumza na Mungu. Malaika anaingia kutoka upande wa jibu, bila kuitwa na mwombaji wala kupangiwa kazi naye. Anayemtuma ni Mungu peke yake.

Ipo mistari inayoulegeza mpaka huo kidogo, na haki inadai itajwe. Yakobo, akiwabariki wana wa Yusufu, alimtaja malaika aliyemkomboa kana kwamba anamwomba awabariki vijana wale, ingawa wafasiri wengi humwona malaika huyo kuwa ni Mungu mwenyewe akijidhihirisha. Zaburi nazo zinawahimiza malaika wamsifu Muumba wao. Hata hivyo, hakuna ukurasa wa Biblia unaomfundisha mwamini jinsi ya kumwita malaika, kumwelekeza au kumharakisha.

Namna wanavyotenda nayo imefichwa. Tunaambiwa lango la chuma la gereza lilifunguka lenyewe mbele ya Petro na malaika wake; hatuambiwi lilifungukaje. Tunaambiwa Eliya aliamshwa akakuta mkate juu ya makaa na gudulia la maji. Hatuambiwi vilitoka wapi. Yote yanayozidi hapo ni mawazo yetu wenyewe. Kuwazia si dhambi, na wasanii, watunzi wa nyimbo na watakatifu wamefanya hivyo kwa uzuri mkubwa. Matatizo huanza pale mawazo yanapohubiriwa kana kwamba ni habari tuliyopewa.

Wanaopandisha sala: msimamo wa Makanisa ya kale

Msimamo mkongwe kuliko yote unasema malaika wana kazi pande zote mbili: huteremsha jibu, na pia huipandisha sala. Ushahidi wake mkuu ni sura ya 8 ya Ufunuo, ambako malaika mwenye chetezo cha dhahabu anapewa uvumba mwingi autie pamoja na maombi ya watakatifu, na moshi unapanda mbele za Mungu kutoka mkononi mwake. Ushahidi wa pili ni Kitabu cha Tobiti. Humo Tobiti, mzee aliyepofuka, na Sara, binti aliyefiwa na waume saba, wanaomba siku moja katika miji miwili tofauti. Rafaeli anatumwa kuwaponya wote wawili, na mwishoni anamfunulia Tobiti kuwa ndiye aliyezifikisha sala zao mbele ya utukufu wa Mungu. Kitabu hicho kimo katika Biblia ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi. Waprotestanti hawakihesabu miongoni mwa vitabu vyao 66. Sehemu kubwa ya ugomvi kati ya majirani wetu inaanzia hapo, kabla hata hawajafungua midomo: hawasomi Biblia yenye kurasa zilezile.

Mababa wa Kanisa waliuendeleza mstari huo. Origene wa Aleksandria, katika karne ya 3, aliandika kuwa malaika husali pamoja na wanaosali. Lakini huyo huyo, alipokuwa akimjibu mpagani Kelso, alishikilia kuwa maombi yapelekwe kwa Mungu kupitia Kristo, Kuhani Mkuu. Katika Misa ya Kirumi, Sala ya Ekaristi ya kwanza inamwomba Mungu aagize sadaka ipelekwe na malaika mpaka altare ya juu. Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kuwa maisha ya mwanadamu, tangu utoto hadi kufa, yamezungukwa na ulinzi na maombezi ya malaika. Kanisa Katoliki huwaadhimisha Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli tarehe 29 Septemba na malaika walinzi tarehe 2 Oktoba, na Waorthodoksi wa Ethiopia humkumbuka Mikaeli tarehe 12 ya kila mwezi wa kalenda yao.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unamtoa mwombaji katika upweke. Mjane anayesali saa nane za usiku hasali peke yake. Ameungana na ibada isiyokoma. Tena msimamo huu hausemi kuwa Mungu alikuwa hajasikia mpaka malaika alipomfikia. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alieleza kuwa Mungu huwatumia viumbe kutekeleza mipango yake kwa wema wake, apate kuwashirikisha hadhi ya kutenda, wala si kwa sababu amepungukiwa na uwezo. Kwa maelezo hayo malaika anaheshimiwa na Mungu hapungui.

Udhaifu wake uko katika kuteleza, na Kanisa lenyewe limeuona mara nyingi. Paulo aliwaonya Wakolosai dhidi ya kuabudu malaika. Katika karne ya 4, mtaguso wa Laodikia, mji uliokuwa jirani kabisa na Kolosai, ulilazimika kuwakataza Wakristo kuliacha kanisa na kwenda kuwaita malaika kwa majina. Karne iliyofuata askofu Theodoreto aliandika kuwa ugonjwa huo ulikuwa bado haujaisha katika nchi ile. Mwaka 745, mjini Roma, Papa Zakaria na maaskofu wake walimhukumu mhubiri mmoja wa Wafranki, Aldebert, ambaye sala yake ilitaja orodha ya majina ya malaika yasiyojulikana. Mtu huyo pia aligawa nywele na kucha zake mwenyewe kama masalia matakatifu. Maaskofu walibakiza majina matatu tu. Mwaka 2001 Vatican ilirudia onyo hilo katika mwongozo wake juu ya ibada za watu: malaika wasipewe majina mengine nje ya Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Kwa hiyo anayewatetea malaika walinzi kwa kutaja mapokeo ya Kanisa ana haki, mradi ayachukue mapokeo yote, pamoja na makatazo yake. Mtu anayetoa majina mapya ya malaika kwenye mkesha amesimama na Aldebert.

Mpatanishi mmoja: jibu la Matengenezo

Waprotestanti wa karne ya 16 hawakuwakana malaika, jambo ambalo warithi wao wengi wamelisahau. John Calvin aliwapa nafasi kubwa katika sura ya 14 ya kitabu cha kwanza cha Mafundisho yake, toleo la 1559. Aliwasifu kama watumishi ambao kwao Mungu huutegemeza udhaifu wetu. Alichokikataa ni kudadisi madaraja yao na kuwakimbilia. Alisita hata kusema kila mtu ana malaika wake mmoja, akiona kuwa ulinzi wetu haujaachiwa malaika mmoja tu. Hoja yake ya msingi ni ile ya waraka wa kwanza kwa Timotheo: mpatanishi kati ya Mungu na wanadamu ni mmoja, Kristo. Aliongeza kuwa malaika wa Ufunuo mwenyewe alikataa kusujudiwa na Yohana, mara mbili.

Martin Luther alipita njia iliyo karibu zaidi na moyo wa mtu wa kawaida. Katika Katekisimu Ndogo ya 1529, ile inayofundishwa hadi leo kwa watoto wa Kilutheri, sala zake za asubuhi na jioni zinaelekezwa kwa Baba wa mbinguni, na ndani yake mwamini anamwomba Baba ampe malaika wake mtakatifu awe pamoja naye. Hilo ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Malaika yumo ndani ya sala, ametajwa, anatamaniwa. Lakini sala haielekezwi kwake. Waanglikana nao, katika sikukuu ya Mikaeli na malaika wote, humwomba Mungu awaamuru malaika wawasaidie watu wake duniani.

Msimamo huu una ngome imara kwa sababu unakaa ndani ya mpaka wa visa vya Biblia tulivyoviona. Kasoro yake imetokea katika maisha ya makanisa, ambako kutahadhari kumegeuka kuwa kunyamaza. Huko Ulaya kimya hicho kilifika mbali: mwaka 1941 mwanateolojia Rudolf Bultmann alidai kuwa mtu anayetumia taa ya umeme na redio hawezi tena kuusadiki ulimwengu wa roho na miujiza wa Agano Jipya, na Karl Barth akajibu mwaka 1950 kwa sehemu ndefu juu ya malaika katika kitabu chake kikuu cha mafundisho. Kwetu watu hawakuacha kusadiki. Waliendelea kusadiki bila kufundishwa, na pengo lile likajazwa na wengine.

Askari wa angani

Waliolijaza pengo hilo kwa kishindo ni wahubiri wa vita vya kiroho. Mafundisho yao yanasimama juu ya sura moja, Danieli 10, kwa hiyo sura hiyo inahitaji kusomwa polepole.

Ni mwaka wa tatu wa Koreshi, takriban mwaka 536 kabla ya Kristo. Danieli amekaa majuma matatu katika maombolezo, hali nyama wala hanywi divai. Kando ya mto Hidekeli anatokewa na mjumbe mwenye kutisha, anayempa habari mbili. Maneno yake yalisikiwa tangu siku ya kwanza. Lakini mkuu wa ufalme wa Uajemi alimpinga mjumbe siku 21, mpaka Mikaeli alipokuja kusaidia.

Kutoka hapo limejengwa jengo zima: kila nchi, mji na ukoo una mkuu wake wa giza, jibu la maombi hushuka kama mzigo unaozuiliwa mpakani, maombi na mfungo wa mwamini huwapa malaika nguvu ya kupenya. Jengo hilo lilipata picha zake katika riwaya ya Frank Peretti ya mwaka 1986, This Present Darkness, iliyouzwa kwa mamilioni ya nakala, ambamo malaika hupata au hupungukiwa nguvu kulingana na wingi wa maombi ya watu wa mji mdogo wa Marekani. Katika miaka ya 1990 C. Peter Wagner aliyapanga mawazo ya jamii hiyo kuwa mkakati wa umisionari: tambua pepo wa eneo, mtaje, mvunje. Kupitia mikutano ya injili, vitabu na televisheni, lugha hiyo ilifika kwetu na kujichanganya na mahubiri ya nyumbani, kiasi kwamba wengi wanaoitumia leo hawajui kuwa picha wanazozieleza zilitungwa kwanza kama hadithi.

Haitoshi kuyabeza mafundisho haya. Yana ukweli ndani yake. Waraka kwa Waefeso unazungumza waziwazi juu ya kushindana na falme na mamlaka za giza, na Danieli 10 haiwezi kusomwa kana kwamba hakuna upinzani wowote. Mafundisho haya yamewafundisha watu kudumu. Yanampa aliyechoka sababu ya kutokata tamaa, kwa kuwa kukawia si kukataliwa. Hilo mjumbe alilisema mwenyewe. Mikesha yake imewaunganisha watu ambao mjini hawana ndugu.

Lakini hesabu yake haikai sawa. Danieli hakumtaja mkuu wa Uajemi katika maombi yake. Hakujua hata kuwa yupo, mpaka alipoambiwa baada ya mambo kwisha. Hakumkemea. Mjumbe naye hakumwelekeza amkemee siku nyingine. Aliyeivunja ile vuta nikuvute ni Mikaeli, na hakuna neno linalosema Mikaeli alipata nguvu kutokana na mfungo wa Danieli. Zaidi ya hayo, wasomaji wakubwa wa Kanisa hawakukubaliana hata juu ya mkuu huyo alikuwa nani. Thomas wa Akwino anaeleza kuwa kwa Jeromu alikuwa mpinzani wa ukombozi wa Israeli, na kwa Papa Gregori Mkuu alikuwa malaika mwema aliyepewa kuwalinda Waajemi, hivyo mvutano ule ulikuwa wa malaika wema wawili wasiojua bado uamuzi wa Mungu. Calvin alimwona kuwa mtu, Kambise mwana wa Koreshi. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi Mara na Kisii, husema Mikaeli ni Kristo mwenyewe, na hapo picha nzima hubadilika tena. Sura iliyowagawa watu kama hao haiwezi kubeba uzito wa mkesha unaoahidi kuzifungua anga kufikia alfajiri.

Malaika wa kutumwa

Msimamo wa nne unakwenda mbali zaidi. Wahubiri wa mkondo wa Neno la Imani wa Marekani, Kenneth Hagin akiwa miongoni mwao, walifundisha kuwa mwamini anaweza kuwatuma malaika wamletee mahitaji yake, fedha zikiwamo. Hutegemea Waebrania 1, inayowaita malaika roho watumikao kwa ajili ya warithi wa wokovu, na Zaburi ya 103, inayosema kuwa malaika hulisikiliza neno la Mungu. Wao husoma hivi: nikilitamka neno la Mungu, malaika hutii sauti yangu.

Hapa sitasita. Usomaji huo hausimami. Waebrania inasema malaika wanatumwa kuwahudumia warithi. Haisemi wanatumwa na warithi. Zaburi inazungumzia sauti ya Mungu mwenyewe. Na kuna kizuizi kikubwa kuliko hivyo: Yesu, usiku wa kukamatwa kwake, alisema kuwa angeweza kumwomba Baba naye angemletea majeshi zaidi ya 12 ya malaika. Angemwomba Baba. Ikiwa Mwana mwenyewe alizungumza hivyo, mwanafunzi wake anapata wapi mamlaka ya kuwaagiza? Tena palikuwa na mtu mmoja aliyewahi kumshauri Yesu aitumie ahadi ya ulinzi wa malaika kama chombo cha kupata matokeo. Ilikuwa juu ya kinara cha hekalu, na aliyetoa ushauri, huku akitaja Zaburi ya 91, alikuwa Ibilisi.

Kwa nini picha hizi zimeota mizizi

Wapo wanaodai kuwa Mwafrika hawezi kuomba bila wa katikati, kwa hiyo malaika wa mkesha wamekalia viti vya mizimu. Maelezo hayo ni mepesi mno. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alipokusanya sala za asili za Afrika katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha kuwa nyingi zinaelekezwa moja kwa moja kwa Mungu. Wazee wetu walijua kumwita Mungu kwa jina lake.

Sababu yenye nguvu zaidi iko katika maombi yasiyojibiwa. Mtu akiomba na asipate, kuna maelezo matatu tu: Mungu amekataa au ameweka wakati mwingine; mwombaji ana kosa; au kuna kitu katikati. Maelezo ya kwanza yanauma, na ya pili yanadhalilisha. Maelezo ya tatu yanamwacha Mungu akiwa mwema na mwombaji akiwa mwadilifu. Lawama yote huenda kwa adui asiyeonekana. Palipo na ajira chache, hospitali ghali na hofu ya uchawi, maelezo hayo ni nafuu kubwa kwa muda.

Gharama huja baadaye. Kama kuna kizuizi, lazima awepo mtaalamu wa kukiondoa. Mtaalamu ana siku zake za mfungo, mafuta yake, maji yake, na mara nyingi sadaka yake maalumu. Jibu likikosekana tena, haisemwi kuwa kizuizi hakikuwapo. Husemwa mwombaji hakufunga vya kutosha au sadaka ilikuwa ndogo. Hivyo maelezo ya tatu humrudisha mtu kwenye ya pili, kwa mlango wa nyuma, akiwa amepungukiwa na fedha na usingizi. Hasara hii huwaangukia zaidi wale wasio na mahali pengine pa kukimbilia, na ndiyo maana ni vigumu kulizungumza jambo hili bila uchungu.

Malaika alipofika, ombi lilikuwa jingine

Kuna kipimo kimoja ambacho misimamo yote minne inaweza kuletwa mbele yake. Tuangalie Biblia inaeleza nini pale malaika alipofika kweli.

Eliya aliomba afe. Malaika akamletea chakula na kumwambia safari bado ni ndefu. Tobiti na Sara nao waliomba kufa. Rafaeli akawaletea macho na ndoa. Yesu aliomba kikombe kimwondokee. Kwa mujibu wa Luka, katika mistari ambayo baadhi ya nakala za kale hazina, malaika alimtokea akamtia nguvu, na kikombe kikabaki palepale. Merikebu ya Paulo ilivunjika vipandevipande ingawa malaika alikuwa amesimama karibu naye usiku. Kwa hiyo kufika kwa malaika si uthibitisho kuwa ombi limetimizwa kama lilivyotamkwa. Katika visa hivi malaika analeta nguvu ya kuvumilia au njia ambayo mwombaji hakuiwazia.

Sura ya 12 ya Matendo ndiyo nzito kuliko zote. Inaanza kwa Herode kumuua Yakobo, ndugu yake Yohana, kwa upanga. Hakuna malaika. Kisha Petro anafungwa, akilindwa na vikosi vinne vya askari wannewanne, kanisa linaomba kwa bidii, na malaika anamtoa. Je, Yakobo hakuombewa? Luka hasemi. Je, alikuwa na imani ndogo? Luka hathubutu. Na waliokuwa wakiomba nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, hawakuwa mashujaa wa imani usiku ule: Roda alipowaambia Petro yuko mlangoni walimwona amerukwa na akili, kisha wakasema ni malaika wake. Walikuwa tayari kumsadiki malaika kuliko kusadiki kuwa ombi lao limejibiwa. Kama malaika angetegemea kiwango cha imani ya waombaji au mbinu zao, Petro angebaki gerezani.

Kornelio naye anatufundisha kiasi cha kazi ya malaika. Yule aliyemtokea alijua kila kitu: jina la Petro, mji wa Yafa, nyumba ya Simoni mtengenezaji wa ngozi kando ya bahari. Hakuhubiri. Aliagiza watu watumwe, na wanadamu wakatembea njia nzima kwenda kumleta mwanadamu mwenzao. Sehemu iliyokuwa na uzito kuliko zote katika jibu la maombi ya Kornelio ilibebwa na miguu yenye vumbi ya watumishi wawili na askari mmoja, kisha ikabebwa na ulimi wa mvuvi.

Uzito wa kila upande

Baada ya kuipima yote, naona msimamo wa malaika wa kutumwa hauna pa kusimama, na mahubiri ya vita vya angani yamejenga ghorofa nyingi juu ya msingi mwembamba. Wanachostahili kubaki nacho wahubiri wa vita ni wito wao wa kudumu katika kuomba na kutoudharau uovu. Waachane na ramani za majeshi ya angani, na waache kuuza funguo zake.

Kati ya Makanisa ya kale na ya Matengenezo tofauti ni ya kweli, na haitamalizwa kwenye kibaraza cha jirani. Mkatoliki anamwomba malaika wake mlinzi amwombee, kama anavyomwomba mtakatifu au rafiki aliye hai. Mprotestanti anaona hilo linavuka mstari ambao Biblia haikuuvuka. Kwa ushahidi tuliopitia, naona njia ya sala za Luther ndiyo salama zaidi, kwa sababu inamtaja malaika bila kumwachia usukani. Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana kuliko zinavyodhani: Mungu ndiye anayesikia, Mungu ndiye anayetuma, na malaika anayetambulika kuwa wa kweli hukataa kushukuriwa mahali pa Mungu. Rafaeli mwenyewe, alipojifunua kwa Tobiti, alimwambia amshukuru Mungu. Walimu wa katekisimu na wa shule za Jumapili wangeanza hapo, wangewaepusha watoto wetu na mengi.

Na kuwazia kuendelee. Mtu aliyepona ajali iliyoua wengine, au aliyemkuta daktari zamu yake ikiwa imekwisha, ana ruhusa ya kufikiri kuwa huenda aliyemwelekeza mlangoni hakuwa mpita njia tu. Waebrania inakubali kuwa wapo waliowakaribisha malaika bila kujua. Mawazo hayo yakiishia katika shukrani, yamefanya kazi njema. Yakitumika kumhukumu jirani ambaye mwanawe hakupona, yamevuka mahali pake.

Kwa hiyo, msomaji unayeomba leo kwa ajili ya mgonjwa, kesi au kazi, mwombe Mungu moja kwa moja, umwombe pia akutumie msaada kwa mkono wowote anaoutaka, wa malaika au wa mtu. Usimlipe yeyote anayedai kukufungulia anga. Ukitaka kutoa sadaka pamoja na maombi yako, toa kama Kornelio: zake zilikwenda kwa watu wenye shida.